Hesabu ya Makombo

Temeke, Jumapili mchana

Mama Upendo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Ungeniuliza, "Cheti umesomea, na adabu je?" Basi shikamoo, Mama.

Nakuandikia nyuma ya karatasi za mashine, zile zenye matundu pembeni, maana karatasi za barua madukani hakuna. Upande wa pili kuna orodha ya vipuri vya matrekta ya mwaka juzi. Usinigombeze. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba karatasi ina pande mbili.

Jumamosi ijayo ni arobaini yako. Upendo alikuja hapa nyumbani juzi, akakaa kwenye kile kigoda cha mke wangu, akaniambia, "Kaka Hamisi, sie tumekubaliana useme wewe kwa niaba ya watu wa kazini. Mama alikuwa anakupenda, we mwenyewe unajua." Nikaitikia. Chai yangu ikapoa mkononi, sikuinywa tena.

Hajui, Mama. Hajui kwamba lile neno "uzembe" lililoandikwa katika faili lako, lililokutoa chumba cha mashine na kukupeleka ghala la karatasi, lilitokana na hesabu yangu. Na hajui lililo baya zaidi, kwamba nilikuja kugundua hesabu ile niliisoma vibaya, nikanyamaza mwaka na zaidi, wewe ukiwa hai, ukinipa mkono kila asubuhi getini. Kabla sijasimama mbele yake nataka nikuambie wewe kwanza. Nimechelewa, naelewa. Lakini wa kwanza ni wewe.

Unakumbuka nilivyokuja? Miezi tisa ya masomo ng'ambo, suti moja, na cheti nilichokiweka kwenye fremu kabla hata sijanunua kitanda. Ukaniita Bwana Cheti siku hiyo hiyo. Chumba cha mashine kilikuwa na baridi, nadhani ndicho chumba pekee katika Dar es Salaam nzima ambacho mtu alihitaji sweta. Mimi natetemeka ndani ya suti, wewe umejitanda kanga juu ya sweta lako la kijivu, unacheka. "Mie mtu wa Songea, baba. Baridi nimezaliwa nayo. Nyie wa Temeke mtapata tabu."

Mashine yenyewe, ile kompyuta yetu moja, ilikuwa kuukuu tayari. Sifa yake kubwa ilikuwa kubeba kazi tatu au nne kwa mpigo, ingawa ubongo wake ulikuwa mmoja. Inashika kazi hii kidogo, ikifika mahali ambapo kazi hiyo inasubiri kanda ya kumbukumbu au kadi za matundu, inaiacha, inashika nyingine. Nilipojaribu kukueleza mambo hayo kwa maneno ya darasani ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Kama mama mwenye majiko matatu. Mchele unatokota, anageukia mboga." Nikaona umerahisisha mno. Siku hizi ndivyo ninavyowafundisha wageni.

Halafu Mkurugenzi akaniita. Mashirika yaliyotuletea kazi yalikuwa yanalalamika kwamba kila kitu kinachelewa. Kompyuta mpya hairuhusiwi kuingia nchini, hilo kila mtu alilijua. Kwa hiyo alitaka kufahamu jambo moja: hii tuliyo nayo, ubongo wake unatumika kiasi gani? Mwenye cheti ni mimi. Nikafurahi kama mtoto aliyetumwa dukani na chenji ikawa yake.

Nikaandika ile programu ndogo. Haikuwa na kazi yoyote ya maana. Ilihesabu tu, moja, mbili, tatu, bila kuchoka. Ila niliipanga nyuma ya kazi zote, ipewe ubongo pale tu ambapo hakuna mwingine anayeutaka. Kwanza unaiendesha peke yake, mashine ikiwa tupu, robo saa, unaona inafika wapi. Kisha unaiendesha siku ya kazi. Ikifika nusu ya pale, basi nusu ya ubongo imetumiwa na wenzake, na nusu imebaki. Wewe ndiye uliyeipa jina. "Sasa huyu si anakula makombo tu," ukasema. Ikawa Makombo mpaka leo.

Na ile siku ya kwanza! Bado naona aibu. Nilikosea nikaipanga mbele badala ya nyuma. Makombo ikakalia sinia lote, ikawa inahesabu yenyewe kwa raha zake, na kazi nyingine zote zikasimama, printa kimya, kadi haziingii. Nilikuwa nimesimama mbele ya zile taa, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Ukaja, ukanisogeza kwa kiwiko, ukaisimamisha mashine. Mkurugenzi alipoteremka kuuliza nani kasimamisha kazi, ukajibu, "Mimi, mheshimiwa." Ukaishia hapo. Hukusema kwa nini, wala hukunitazama. Alipoondoka ukanipa karanga kutoka kwenye kopo lako, tukaanza upya.

Jambo hilo naliandika ili Upendo alisikie, kwa sababu lingine linafuata.

Nilihesabu wiki nzima. Makombo yalikuwa zaidi ya nusu. Nikaja mbio mezani kwako, "Mama, mashine imelala! Zaidi ya nusu ya siku imelala!" Hukufurahi. Ukavua miwani.

"Hailali, mwanangu. Inangoja."

Nikasema kungoja na kulala kwenye hesabu ni kitu kimoja. Ndipo ukaniambia habari ya bucha la jirani yako kule Vingunguti. Muuza nyama yupo, kisu kimenolewa, mizani iko juu ya meza, foleni imefika barabarani. Nyama haijaletwa kutoka machinjioni, na machinjio yenyewe yako pale pale, unayaona, tatizo ni toroli moja tu la kubebea. "Sasa wewe ukipita na saa yako," ukasema, "utaandika kwamba muuza nyama ana muda mwingi wa kukaa. Kweli anao. Lakini ukimfukuza huyo, ukaleta mwingine, nyama itakuja?"

Toroli ulilolisema lilikuwa mashine za kusomea kanda. Tulikuwa nazo nne, mbili zimekufa, vipuri vinasubiri fedha za kigeni. Kazi zote zinapigania mbili zilizobaki, na ubongo umekaa, kisu mkononi. Uliniambia yote hayo waziwazi. Nilikuelewa, Mama. Sitajidai kwamba sikukuelewa. Ila niliona haya kuandika habari za bucha katika ripoti yangu ya kwanza, mimi mtu wa ng'ambo. Na mashine za kanda sikuzipima, kwa kuwa hakuna aliyeniagiza kuzipima. Nikaandika kwamba zaidi ya nusu ya uwezo wa ubongo haitumiki, na chanzo kichunguzwe. Nikaona nimeandika vizuri sana.

Ripoti ilipojadiliwa, nyinyi waendeshaji hamkuitwa kikaoni. Asiyekuwepo na lake halipo. Siku zile, unakumbuka, kila ukuta ulikuwa na maneno kuhusu kazi, na mtu akionekana amesimama barabarani mchana anaulizwa kitambulisho cha kazi. Mkurugenzi aliposikia "haitumiki" hakuuliza kwa nini, aliuliza nani anaiendesha. Likatajwa jina lako. Akanigeukia. "Kwa hiyo ni uzembe wa waendeshaji?"

Nikasema, "Inawezekana."

Ndilo hilo tu. Ningeweza kusema "hapana," ningeweza kusema "sijui," ningeweza hata kukohoa. Nimelirudia neno hilo mara nyingi kichwani, na kila mara nashangaa lilivyotoka kwa urahisi.

Wiki iliyofuata ulipewa barua ya kwenda ghalani. Ulikunja sweta, ukalitia kwenye kikapu, ukawaaga wote kwa majina. Mimi nikapewa usimamizi wa zamu uliokuwa wako. Ukanishika bega ukasema, "Zisiende pamoja zile kazi mbili zenye kanda nyingi, sawa?" Nikasema sawa, bila kusikiliza.

Ilipita kama miezi miwili. Jambo la ajabu, mzembe ametolewa na kazi zinazidi kuchelewa. Nikaendesha Makombo tena, na makombo yameongezeka! Ndipo nilipochukua saa yangu nikaketi siku nzima kando ya mashine za kanda. Nikaona yote. Niliona hata usiloniambia, kwamba ulikuwa unapanga kazi kwa kichwa, hii yenye kanda na ile ya kadi peke yake, ili zisigombane. Mpango huo haukuandikwa mahali popote, na tulipokutoa tuliutoa pamoja na wewe. Nikachukua karatasi ya hesabu, nikaandika pembeni kwa penseli: Mama U. alisema kweli. Ni kanda.

Nilinuia kuandika ripoti ya pili siku hiyo hiyo. Mke wangu akajifungua siku hiyo hiyo. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikawaza, nikisema nimekosea, wataniuliza usimamizi ninaushikilia kwa misingi ipi. Nikasema mwezi ujao. Karatasi ikapotelea kwenye gunia la karatasi chakavu, nikaona hata hiyo ni nafuu. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilificha mpaka nikazoea, ikawa kama nguo.

Na wewe ukawa unapita! Hilo ndilo linalonila. Kila Jumatatu unarudi kutoka shambani kwako Kimbiji, unaniletea mihogo, unasimama mlangoni bila kuingia kwa sababu siyo mahali pako tena. "Makombo hajambo?" unauliza. Nacheka. "Hajambo, Mama, anakula tu." Unaningoja kidogo, kisha unakwenda zako. Nilidhani ni utani.

Siku uliyoanguka pale ghalani, presha, walikuja kuniita mimi kwanza. Wote walinihesabu kama mwanao. Nilikaa hospitali na Upendo siku mbili, na siku mbili hizo ningeweza kukunong'oneza sikioni, hata kama husikii, na sikufanya hivyo. Ulipotutoka, tulikuvusha Magogoni kwa pantoni siku ya Alhamisi, kwenda kukuzika shambani. Lori lilikwama mara tatu kabla ya Kimbiji, tukalisukuma, wa ghalani na wa chumba cha mashine, matope mpaka magotini. Padri alitungoja. Mimi Muislamu sikujua zile nyimbo zenu, nikabeba udongo.

Tangu uondoke mambo mengine yanakwenda. Upendo amefaulu mtihani wa ualimu, anasubiri kupangiwa shule. Mtoto wangu anatembea, anavunja vitu. Mojawapo ya zile mashine mbili za kanda zilizobaki imeanza kukwaruza. Ghala lako limekabidhiwa kijana mmoja mpole kutoka Kinondoni, amekuta kila rimu ya karatasi imepangwa kwa aina na kuandikwa, akaniuliza, "Huyu mama ndo waliyemwandikia uzembe?"

Wiki mbili zilizopita Upendo aliniletea daftari. "Mama aliacha maneno, hili la kazini apewe Hamisi." Nilidhani ni orodha ya vifaa. Nikalifungua hapa hapa ukumbini, mke wangu anakuna nazi.

Mama, ulikuwa unapima. Miaka yote uliyokaa kwenye chumba kile, ulipima kwa saa ya ukutani na kalamu. Kazi gani, kanda namba ngapi, imeitwa saa ngapi, imepata nafasi saa ngapi. Ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wako ule uliolala. Nilichukua takwimu zangu za ile wiki ya kwanza nikazilinganisha na kurasa zako za wiki hiyo. Pale Makombo inapopanda, kwako kuna kanda inangoja. Siku kwa siku. Mimi nilikuwa na nusu ya hesabu, na nusu ya pili ilikuwa hatua tano kutoka kwenye kiti changu, ndani ya kikapu, chini ya sweta. Sikuwahi kukuuliza umeandika nini.

Nikafunua ukurasa wa mwisho, nikaikuta. Ile karatasi yangu. Karatasi chakavu zote zilikuwa zinakuja kwako ghalani, na wewe karatasi hukuwahi kuitupa kabla hujaitazama pande zote mbili. Umeibandika kwa uji wa unga, penseli yangu inasomeka bado. Chini yake umeandika:

"Hamisi amejua. Mkono ni wake. Nisimharakishe, ana mtoto mchanga. Hajalala huyu. Anangoja."

Niliondoka ukumbini. Nililia nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, kama mwanamke aliyefiwa leo, na sioni aibu kukuambia.

Nimelisoma daftari lako lote, Mama, mstari kwa mstari, na kosa ni hilo moja tu. Umenipa heshima ile ile uliyoipa mashine. Lakini mashine ilikuwa inangoja kanda. Mimi nilikuwa nangoja nini? Hapakuwa na kitu chochote kinachokuja. Kila nilichokihitaji nilikuwa nacho. Nilikuwa naogopa kupoteza kiti, basi. Tafadhali, popote ulipo, lisahihishe hilo.

Alhamisi hii iliyopita nilikwenda kwa Mkurugenzi. Nilibeba daftari, hesabu zangu mbili, na ripoti ya kurasa tatu niliyoiandika kwa mkono. Habari ya bucha nimeiweka kwenye aya ya kwanza. Akasoma taratibu. Nilimwona anarudia baadhi ya mistari.

"Hamisi, ulijua lini?"

Nikamtajia.

"Na mbona umekaa nayo?"

"Niliogopa, mzee."

Akaiweka ripoti mezani. Sikutegemea alichosema. "Na mimi sikuuliza," akasema, "nilitaka jina tu." Kisha akaandika pembeni ya ripoti kwamba iwekwe juu kabisa katika faili lako, na maombi ya vipuri yatumwe upya pamoja na kurasa za daftari. Usimamizi wa zamu nimevuliwa. Ni sawa. Nimerudi kwenye kubadilisha kanda, na nakuambia ukweli, mikono yangu inakukumbuka kuliko kichwa.

Nikashuka masjala. Nilitaka waandike barua rasmi ya kukusafisha, yenye muhuri, kwa jina lako. Yule karani mzee akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, faili la marehemu limeshafungwa. Karatasi yako nitaipachika, mkubwa kaagiza. Lakini barua? Marehemu haandikiwi barua. Itapokelewa na nani?"

Nikaondoka na swali lake. Nilitembea kutoka mjini mpaka hapa Temeke nikitafuta jibu, na leo nimevuta karatasi hizi nikaanza na shikamoo.

Basi naomba nikuage, Mama. Sikukuaga ulipohama chumba, wala hospitali, wala kaburini. Kwaheri. Mungu wako na wangu ni mmoja, akulaze mahali pema. Daftari nitalitunza, na kila atakayekuja kujifunza kazi kwetu ataanza nalo kabla ya kuigusa Makombo.

Na ahadi yangu ni hii. Jumamosi, Kimbiji, sitasema yale maneno matamu ya misibani, kwamba ulikuwa mpole na mchapakazi, wanayajua. Nitaisoma barua hii, Upendo akiwa amekaa mbele yangu, bila kuruka mstari. Akitaka kuacha kuniita kaka, ni haki yake. Sauti ikinikatika katikati, nitampa karatasi hizi aendelee mwenyewe, nami nitabaki nimesimama pale pale mbele yake mpaka afike kwenye jina langu hapo chini.

Hamisi